Marufuku ya Uwindaji: Nani Huibadilisha, na Mtu wa Garissa Aingilie Wapi

Ukiuliza sokoni Garissa kama mtu anaruhusiwa kuwinda, utajibiwa kwa neno moja: hapana. Jibu hilo ni sahihi. Lakini ukiuliza ni nani aliyekataza, lini, na kwa karatasi gani, watu huanza kutazamana. Mmoja atasema ni KWS, mwingine atasema ni Mzee Kenyatta, wa tatu atamtaja gavana.

Kwangu mimi swali hilo la pili ndilo lenye faida. Anayejua sheria imetoka wapi ndiye anayejua pa kwenda akitaka ibadilishwe, au akitaka isibadilishwe bila yeye kusikizwa. Wizara imekuwa ikiandaa mswada wa kuchukua mahali pa sheria ya wanyamapori iliyopo sasa, kwa hivyo huu ni wakati mzuri wa sisi wa Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na majirani zetu wa Tana River na Lamu, kuelewa mambo haya yanavyokwenda.

Marufuku ilikotoka

Wakati wa mkoloni, na miaka ya kwanza baada ya uhuru, uwindaji ulikuwa wa leseni. Mwenye pesa alilipia leseni, akalipia na mnyama aliyetaka kumpiga, akapewa eneo la kuwindia. Asiyekuwa na leseni alikuwa jangili, hata kama babu yake aliwinda pori lilelile kabla ya serikali kufika.

Mwaka 1976 Bunge lilipitisha sheria ya wanyamapori iliyojulikana kama Sura ya 376. Ilikusanya idara ya wanyama na shirika la mbuga za taifa chini ya idara moja. Mwaka uliofuata, Mei 1977, ikatoka Ilani ya Kisheria nambari 120, na uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Mwaka 1978 biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vya wanyamapori nayo ikafungwa. Ndege wa kuwinda hawakuguswa na ilani ile, na leseni zao ziliendelea kutolewa.

Tazama jambo hili vizuri. Hatua ile kubwa haikupitia Bunge kama sheria mpya. Ilikuwa ilani ya serikali, iliyochapishwa Nairobi. Hakuna aliyetakiwa kisheria kuja Ijara au Hulugho kuuliza watu wana maoni gani. KWS yenyewe haikuwapo. Iliundwa mwaka 1989, ujangili wa ndovu ulipokuwa umekithiri, na ikaikuta marufuku ina miaka 12.

Sheria ya sasa inasema nini

Sheria tunayoitumia leo ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kazi Januari 2014. Imefanyiwa marekebisho tangu hapo, lakini ilipotungwa iliweka viwango hivi:

- Kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Hirola wetu yumo katika orodha ya walio hatarini zaidi.
- Kuweka au kuuza pembe, ngozi, manyoya, yai au sehemu nyingine ya mnyamapori bila kibali: faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili.
- Kuwinda kwa biashara ya nyama, au kupatikana na nyama ya porini: faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili.
- Kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili.

Zingatia neno "isiyopungua". Faini ina sakafu, na hakimu hawezi kuishusha chini ya hapo kwa kumwonea mtu huruma. Ngozi ya swara iliyoning'inizwa ukutani au yai la mbuni lililowekwa kama pambo linaweza kumfikisha mtu kortini. Vilevile, digidigi aliyechinjwa kwa bismillahi ni halali mezani kwa dini yetu, lakini mbele ya hakimu hilo si utetezi.

Nani hubadilisha nini

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kanuni za wanyamapori ziko kwa ngazi, na kila ngazi ina mlango wake.

Ngazi ya juu ni Katiba ya 2010. Jedwali lake la Nne linaweka uvuvi, uwindaji na ukusanyaji wa mazao ya porini pamoja na ulinzi wa wanyamapori mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo gavana hawezi kuruhusu uwindaji wala kuupiga marufuku. Anayemlaumu gavana kwa sheria hii anagonga nyumba isiyo yake.

Ngazi ya pili ni Bunge. Makosa na faini nilizozitaja zimo ndani ya sheria yenyewe, na ni Bunge pekee linaloweza kuzipandisha, kuzishusha au kuzifuta. Mbunge na seneta wako ndio wa kuulizwa.

Ngazi ya tatu ni waziri. Yeye hutunga kanuni zinazoeleza sheria itatekelezwa vipi: ada, fomu, masharti ya leseni na kadhalika. Tangu mwaka 2013 kuna sheria nyingine inayombana, Sheria ya Hati za Kisheria. Inamtaka ashauriane na watakaoguswa na kanuni hizo, azichapishe katika Gazeti Rasmi, kisha azifikishe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Asipozifikisha, zinakufa. Zikifika, wabunge wanaweza kuzifuta. Hata zikipita, zinaisha nguvu baada ya miaka 10 na lazima ziangaliwe upya. Ilani ya 1977 haikupita njia hiyo, leo ingelazimika.

Ngazi ya nne ni KWS. Shirika hili hutekeleza: hushika doria, hukamata, hutoa leseni na vibali, na humshauri waziri. Halitungi faini.

Ngazi ya tano, na ndiyo iliyo karibu nasi kabisa, ni kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia ya wanyamapori. Humo mna maafisa wa serikali na wawakilishi wa jamii. Kamati hii hupokea madai ya fidia, na ina kauli juu ya nani apewe haki ya kutumia wanyamapori katika ardhi ya jamii.

Mara ambazo mlango ulitikiswa

Wapo wanaodhani marufuku ya 1977 haijawahi kuguswa. Imeguswa zaidi ya mara moja.

Miaka ya 1990 KWS iliruhusu kwa majaribio uvunaji wa wanyama kwa mgao maalumu, hasa katika ranchi za Laikipia, Nakuru na Machakos. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2003. Desemba 2004 Bunge lilipitisha mswada wa kuibadilisha sheria ya wanyamapori. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Mwaka 2018 waziri Najib Balala aliunda jopo la kuchunguza kama wanyamapori wanaweza kuvunwa kwa nyama na bidhaa nyingine. Marufuku ikabaki palepale.

Katika mabishano hayo yote, sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za wenye ranchi kubwa na za mashirika ya kutetea wanyama. Sauti ya kaskazini mashariki ilikuwa ndogo.

Lakini iko mara moja ambayo Garissa ilijisemea yenyewe. Mwaka 1996 KWS ilitaka kuwahamisha hirola kutoka hapa na kuwapeleka Tsavo Mashariki. Wakazi watano, kwa niaba yao na ya jamii, walikwenda Mahakama Kuu. Mahakama ilikubaliana nao: sheria iliipa KWS kazi ya kuhifadhi wanyama katika hali yao ya asili, si kuwang'oa walipo, na wenye haki ya kutumia ardhi kwa mila wana haki pia katika yale yaliyomo ndani yake, wakiwemo wanyama, ila pale sheria inapoeleza vingine. Kuna hirola waliofikishwa Tsavo mwaka huohuo, lakini wengine walibaki. Mwaka 2012, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, hirola 48 waliwekwa ndani ya eneo lenye ua wa kuzuia simba na fisi, kwenye ardhi ya jamii, wakilindwa na vijana wa jamii. Huyu ni mnyama ambaye kwa asili hapatikani kwingine duniani ila upande wetu huu na ng'ambo ya mpaka Somalia, na waliobaki wote hawafiki 500.

Mimi hujifunza jambo moja kutokana na kesi ile. Watu walioenda kortini hawakutaka kuwala hirola. Walitaka kuulizwa.

Leseni ambazo jamii inaweza kuomba

Sheria ya 2013 haikufunga kila kitu. Inagawa matumizi ya wanyamapori katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yasiyomwondoa mnyama: utalii, upigaji picha na filamu, elimu, utafiti, utamaduni. La pili ni yale yanayomwondoa, kama ufugaji wa wanyamapori na uvunaji, na masharti yake ni makali. Uwindaji wa burudani haumo kabisa.

Kwa hifadhi ya jamii kama Ishaqbini, au eneo la twiga la Bour-Algi karibu na mji wa Garissa, fungu la kwanza ndilo lenye riziki. Kinachotakiwa ni jamii kujisajili, ardhi iwe na wenyewe wanaojulikana kisheria, na kuwe na mpango wa usimamizi. Hasara ya kukosa ulinzi tumeiona: Machi 2020 twiga mweupe jike na mtoto wake walikutwa wameuawa na majangili huko Ishaqbini. Twiga wale walikuwa wamelitangaza jina la Ijara duniani kuliko kitu kingine chochote.

Fidia nayo ni sehemu ya sheria

Mtu aliyekatazwa kumgusa simba anayemla ngamia wake ana haki ya kuuliza nani atalipa. Kabla ya 2013 fidia ya kifo ilikuwa shilingi 200,000. Sheria ya sasa iliipandisha hadi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa jeraha jingine. Mifugo hulipwa kwa bei ya soko, lakini si kama mwenyewe hakuchukua hatua ya kuilinda. Baadaye marekebisho yaliwaondoa nyoka katika orodha ya wanyama wanaolipiwa. Mfugaji anajua ni mara ngapi nyoka huuma usiku wa malisho. Nauliza: wangapi kati yetu tulijua jambo hilo linajadiliwa kabla halijapita?

Deni la Waboni

Haya yote hayaniumi kama hili. Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, wanaishi msituni na kandokando ya msitu wa Boni, Garissa na Lamu. Maisha yao yalikuwa upinde, mshale na asali. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa msituni vikawaweka katika vijiji vya barabarani. Mwaka 1977 marufuku ikawakuta huko, na kazi ya baba zao ikawa kosa la jinai. Tangu 2015 operesheni ya usalama, iliyoanza kwa jina la Linda Boni, imeufanya msitu wenyewe uwe mgumu kuingilika.

Sasa weka karatasi mbili mezani. Katiba, ibara ya 63, inatambua ardhi za mababu za jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Ibara ya 260 inazitaja jamii hizo miongoni mwa zilizotengwa, zinazostahili kuangaliwa. Sheria ya wanyamapori, kwa upande wake, inamfunga miezi 6 anayewinda ili ale. Serikali inalitambua jina la mwindaji na kulikataza tendo lake. Tanzania, ambayo ina uwindaji wa leseni, imewaachia Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nafasi ya kuwinda chakula chao.

Sisemi msitu wa Boni ufunguliwe kwa kila mwenye bunduki. Ujangili wa bunduki ndio uliotumalizia ndovu. Nasema sheria mpya inapoandikwa, mzee wa Kiboni mwenye mtego wa digidigi asiwekwe kapu moja na mfanyabiashara wa nyama, na aulizwe kwa lugha anayoielewa.

La kufanya

Sheria ya 2013 inataka jambo linalohitaji maoni ya umma litangazwe katika Gazeti Rasmi, katika magazeti, na katika redio inayosikika eneo husika. Kama redio ya kwenu haijatangaza, hilo ni kosa la utaratibu na mnaweza kulitaja kwa maandishi. Maoni ya mdomo barazani ni mazuri, lakini karatasi yenye tarehe, majina na sahihi ndiyo inayosimama kortini. Jueni ni nani anayewakilisha jamii katika kamati ya kaunti, mwiteni aje aeleze. Anayevamiwa na mnyama aende ofisi ya KWS upesi, apige picha, achukue barua ya chifu na ya hospitali.

Na mswada utakapofika kwenu, msianze na ukurasa wa kwanza. Anzeni na majedwali ya mwisho, kwenye orodha za wanyama na za fidia. Huko ndiko nyoka alikotolewa.