Nguvu na Upungufu wa Kanuni za Kale za Uongozi wa Kazi

Mwaka wa 1861, katika machimbo ya makaa ya mawe ya Commentry, Ufaransa, farasi wa kazi alivunjika mguu chini ya ardhi. Mhandisi kijana, Henri Fayol, aliandika hati ya kuomba farasi wa badala. Mtunza zizi akakataa kumtoa: hati haikuwa na sahihi ya mkurugenzi, na mkurugenzi hakuwapo. Alisihiwa, wala hakulegea. Kazi ya sehemu ile ikapotea siku hiyo.

Kisa hiki kidogo kina mafundisho makubwa, maana mtunza zizi hakuvunja amri, aliitii. Fayol alijifunza kwamba mamlaka lazima yawe na mwakilishi wakati wote. Mwaka wa 1888 alipewa kuongoza kampuni hiyo ikiwa ukingoni mwa kufilisika, na alipoiacha mwaka wa 1918 ilikuwa imara. Kanuni 14 alizozitangaza mwaka wa 1916 zilitokana na uzoefu huo: kazi igawanywe, mamlaka yaandamane na wajibu, kila mtu apokee amri kwa mkubwa mmoja, na haki itendeke.

Huko Marekani, Frederick Taylor alishika njia nyingine. Fayol alitazama kazi kutoka juu. Taylor aliitazama kutoka mkononi mwa mfanya kazi. Katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, mwaka wa 1899, alipima uchukuzi wa vipande vya chuma. Kwa maelezo yake, mchukuzi aliyezoea tani 12 na nusu kwa siku alifikisha tani 47, baada ya kuchaguliwa na kufundishwa wakati wa kuinua na wakati wa kupumzika. Ujira wake ulipanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85.

Nguvu ya kanuni hizi haikanushiki. Ziliondoa kubahatisha, zikaweka kipimo mahali pa mazoea, na kumwonyesha kila mtu mpaka wa kazi yake. Bila ya mambo hayo biashara kubwa huwa jahazi lenye manahodha wengi.

Lakini hesabu ile ile ya Bethlehem yafichua upungufu. Kazi ilikaribia kuongezeka mara nne. Ujira haukufika hata mara mbili. Tena Taylor alitaka kufikiri kuwe kwa ofisi ya mipango, na mikono iwe ya mfanya kazi. Agosti 1911, wasubu vyuma wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Massachusetts, waligoma kwa kupimwa kwa saa. Bunge la Marekani lilichunguza jambo hilo, na mwaka wa 1915 likazuia fedha za jeshi zisitumiwe kwa upimaji wa namna hiyo.

Fayol alikuwa mwangalifu zaidi. Alisema kanuni zake si ngumu kama chuma, na miongoni mwazo alitia uhuru wa mtu kubuni na kutenda jambo jema kwa hiari yake. Walakini waliomfuata aghalabu walishika amri wakaliacha hilo. Basi ubora wa kanuni haujulikani siku mkurugenzi yupo. Hujulikana siku hayupo, farasi amevunjika mguu, na mtu mdogo ana ufunguo wa zizi mkononi: je, amepewa pia ruhusa ya kutumia akili?