Sailensa Ilivyofunzwa na Uhaba

Mafundi wa umri wangu tunasifiwa mno kwa masikio. Eti fundi wa zamani alisikia gari likiingia tu gereji, akakutajia silinda iliyokufa. Masikio yalisaidia, sikatai. Lakini kilichotufunza kutibu gari linalotetemeka likiwa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, ni uhaba wa vipuri.

Nilianza uspana boi Ilala, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vimepiganwa 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani imepanda. Fedha za kigeni hazikuwepo. Gereji yetu ilijaa Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland, dereva wa hapahapa Tanzania, alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Kwetu yalifika yamechoka, yakidai vipuri ambavyo duka halina.

Basi kununua kitu kwa kubahatisha hakukuwezekana. Mzee aliyetufundisha alikuwa akisema, "Bwana mdogo, injini inataka upepo, mafuta, moto na kompresheni. Tafuta kilichokosekana, ndipo uulize bei."

Tulianza na moto. Injini ikiwa inawaka, unachomoa waya za plagi mojamoja, kwa koleo lenye mpini wa mpira. Ukichomoa na mlio ukalegea, silinda hiyo ilikuwa kazini. Mlio usipobadilika, mgonjwa ni huyo. Kama zote zinayumba, unafungua distribyuta, unasugua kontakti pointi kwa msasa laini na kupima mwanya wake, kama milimita 0.4. Fila geji ikikosekana, nyembe nne zilitosha, maana wembe mmoja una unene wa karibu milimita 0.1.

Kisha upepo. Tulimwagia maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi. Mlio ukibadilika, gasketi inavuta hewa ya wizi, na kabureta usiiguse kwanza. Kabureta ilikuja baadaye: unafunga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi mwisho, unairudisha kama mzunguko mmoja na nusu, halafu unaitafuta sehemu ambayo injini inakimbia vizuri zaidi. Gari likikataa hata hapo, unapima tapeti na kompresheni.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje, na mwaka uliofuata akaja Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi. Miaka ya 1990 Toyota zilizotumika zikamiminika kutoka Japani, nyingi zikiwa na mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta. Teknolojia yenyewe haikuwa changa. Bosch waliiuza kwenye Volkswagen tangu 1967. Sasa kompyuta ilishika sailensa yenyewe kwa valvu ya hewa. Skrubu ikapoteza kazi, na vipuri vya mtumba vikapatikana kila kona ya Gerezani. Kubahatisha kukawa rahisi: badili plagi, badili koili, badili pampu, mteja analipa tu.

Kisha zikaja mashine za kusoma kodi za hitilafu, zilizotokana na utaratibu ambao Marekani iliulazimisha kwa magari mapya ya mwaka 1996. Vijana wangu huchomeka waya, wakasoma P0303, wakataka kukimbilia dukani. Kodi hiyo inasema silinda ya tatu inamisi. Haisemi kama kosa ni plagi, koili, nozeli, hewa ya wizi au valvu.

Nawazuia hapo. Kwenye injini ambayo kila silinda ina koili yake, nawaambia wahamishe koili ya tatu kwenda ya kwanza, wafute kodi, wawashe tena. Ikija P0301, koili ndiyo mbovu, wakanunue. Ikirudi P0303, koili ni nzima, waendelee kutafuta, na mteja bado hajatoa shilingi.