Alain Aspect: Mwalimu wa Yaounde aliyeupima mzozo wa Einstein kwa mwanga

MNAMO Oktoba 4, 2022, Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Sweden ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka huo ingegawanywa sawasawa kati ya wanasayansi watatu: Alain Aspect wa Ufaransa, John Clauser wa Marekani na Anton Zeilinger wa Austria. Aspect, aliyekuwa na umri wa miaka 75, alituzwa kwa majaribio ya mwanga aliyoyakamilisha takriban miaka 40 awali mjini Orsay, karibu na Paris.

Majaribio hayo yalijibu swali ambalo wanafizikia wengi wa wakati wake waliliona kuwa la wanafalsafa, wala si la maabara. Na safari iliyomfikisha Aspect kwenye swali hilo ilipitia Afrika.

Ualimu Kameruni

Aspect alizaliwa Juni 15, 1947 mjini Agen, kusini magharibi mwa Ufaransa, na kulelewa katika kijiji cha Astaffort na wazazi waliokuwa walimu. Alisomea fizikia katika chuo cha walimu cha Cachan na Chuo Kikuu cha Orsay, kisha akaandika tasnifu yake ya kwanza kuhusu holografia, yaani taaluma ya kunasa taswira kamili ya kitu kwa mwanga wa leza.

Wakati huo vijana wa Ufaransa walilazimika kulitumikia taifa, na baadhi yao waliruhusiwa kufanya hivyo kwa kufundisha ng'ambo badala ya kuvaa magwanda ya kijeshi. Aspect alichagua ualimu. Kuanzia 1971 hadi 1974 alifundisha Yaounde, mji mkuu wa Kameruni.

Ni huko, baada ya saa za kazi, alikojifunza upya fizikia ya kwanta, sayansi ya atomu na chembe za mwanga. Msaada wake mkubwa ulikuwa kitabu kipya cha Claude Cohen-Tannoudji, Bernard Diu na Franck Laloë kilichochapishwa 1973. Cohen-Tannoudji mwenyewe ni mzaliwa wa Constantine, Algeria. Mwalimu huyo kijana alirejea kwao 1974 akiwa ameiva katika somo ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa amelielewa vyema chuoni.

Mzozo wa tangu 1935

Aliporejea, Aspect alionyeshwa makala iliyochapishwa 1964 na John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Makala hiyo ilihusu mzozo wa miaka mingi. Mnamo 1935 Albert Einstein na wenzake wawili, Boris Podolsky na Nathan Rosen, walidai kuwa nadharia ya kwanta ilikuwa na pengo. Nadharia hiyo ilisema kwamba chembe mbili zilizozaliwa pamoja hubaki zimefungamana hata zikitenganishwa mbali, kiasi kwamba kuipima moja hudhihirisha papo hapo hali ya nyingine.

Chukua mfano wa muuza viatu katika soko la Mutindwa, mtaani Umoja, Nairobi. Bila kutazama, anatia kiatu kimoja cha jozi katika mfuko na kukituma Mombasa, kisha anatia cha pili katika mfuko mwingine na kubaki nacho. Akifungua mfuko wake na kuona kiatu cha kushoto, atajua papo hapo kwamba kilichofika Mombasa ni cha kulia. Hapo hapana ajabu yoyote. Kila kiatu kilikuwa cha kushoto au cha kulia tangu kilipotiwa mfukoni.

Einstein aliamini kuwa chembe nazo ni hivyo: kila moja huondoka na sifa zake kamili. Mpinzani wake mkuu, Niels Bohr wa Denmark, alishikilia kwamba haifai kuzizungumzia sifa hizo bila kutaja kipimo chenyewe. Wakubwa hao wawili waliaga dunia kabla ya kupatikana njia ya kuamua.

Bell ndiye aliyeipata njia hiyo. Tofauti na kiatu, chembe ya mwanga, au fotoni, inaweza kukaguliwa kwa pembe nyingi tofauti. Bell alionyesha kwamba matokeo ya pembe mbalimbali yakilinganishwa, maelezo ya mtindo wa viatu yana kikomo. Katika hesabu iliyotumiwa na Aspect, kikomo hicho ni 2. Nadharia ya kwanta huruhusu hadi takriban 2.83.

Swali la Bell

Mnamo 1975 Aspect alisafiri hadi Geneva, Uswisi, kumweleza Bell mpango wake wa majaribio. Bell alimuuliza kwanza iwapo alikuwa na ajira ya kudumu. Halikuwa swali la mzaha. Mtafiti chipukizi aliyejishughulisha na suala hilo angeweza kuharibu mustakabali wake. Aspect alikuwa na wadhifa wa kudumu wa kufundisha, na ndipo mazungumzo yakaendelea.

Tayari Clauser na Stuart Freedman walikuwa wamefanya jaribio la kwanza mjini Berkeley, Marekani, mwaka wa 1972, na matokeo yaliunga mkono nadharia ya kwanta. Hata hivyo, vichujio vya mwanga katika jaribio hilo vilikuwa vimepangwa mapema. Mwenye shaka angeweza kusema kuwa pande mbili za mtambo ziliweza kuathiriana kwa njia isiyojulikana.

Aspect alitumia miaka kadhaa kuunda mtambo bora zaidi. Atomu za kalsiamu zilimulikwa kwa leza mbili, na kila atomu ikatoa jozi ya fotoni, moja ya kijani na nyingine ya zambarau. Akishirikiana na Philippe Grangier na Gérard Roger, alichapisha matokeo ya kwanza 1981. Jaribio la pili, la 1982, lilitoa jibu la 2.697, ambalo liko juu sana ya kikomo cha 2.

Jaribio la tatu, ambalo Jean Dalibard alishiriki, ndilo lililompa umaarufu zaidi. Vipimo viliwekwa umbali wa takriban mita 12, na swichi zikabadilisha njia ya kila fotoni kila baada ya takriban sehemu 10 za bilioni ya sekunde. Mwanga wenyewe ungehitaji takriban sehemu 40 kama hizo kutoka upande mmoja hadi mwingine, hivyo upande mmoja haukuwa na muda wa kuuarifu mwenzake. Kwa mara nyingine, kikomo cha Bell kilivukwa. Aspect alipotetea tasnifu yake ya uzamifu 1983, Bell alikuwa miongoni mwa watahini.

Swichi hizo hazikuwa za kubahatisha kikamilifu. Kundi la Zeilinger lilirekebisha hilo mjini Innsbruck 1998 kwa umbali wa mita 400, na mwaka wa 2015 makundi kadhaa yakaziba mianya mikuu iliyosalia katika jaribio moja.

Matunda yake

Ugunduzi huu hauwezi kutumiwa kupeleka ujumbe kwa kasi kupita mwanga, kwa kuwa kila upande huona matokeo ya kubahatisha hadi pande mbili zilinganishe hesabu kwa njia za kawaida. Lakini 1991 Artur Ekert alionyesha kwamba kipimo cha Bell kinaweza kulinda siri za mawasiliano: anayedukua huvuruga mfungamano na kujifichua.

Aspect aliendelea na utafiti. Pamoja na Grangier alichunguza tabia ya fotoni moja moja, kisha akajiunga na Cohen-Tannoudji, yule wa kitabu cha Yaounde, kupoza atomu kwa leza. Cohen-Tannoudji alitunukiwa Nobel 1997. Mnamo 2019 Aspect alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pasqal, kampuni inayounda kompyuta za kwanta.

Bell aliaga dunia 1990 bila kupata Nobel, ambayo haitolewi kwa marehemu. Naye Einstein, ingawa vipimo vilimkana, ndiye aliyeuliza swali lililozaa kazi hii yote.