Swali Kabla ya Amri

Mtu anayeiamuru kompyuta kwa maandishi anaweza kupoteza kazi ya mwaka mzima kwa herufi mbili. Amri ya rm katika Unix kwa kawaida haiulizi; hufuta kimya. Ukiiongezea alama ya -i, ndipo hutaja faili moja moja na kungoja jibu lako. Kwa Kiswahili swali la namna hiyo huandikwa mara nyingi “Una uhakika?” Sijapata kuridhika nalo. Linauliza hali ya moyo, nalo tendo lenyewe halitajwi. Nani atakiri kwamba hana?

Tofauti hiyo kati ya kuwa na hakika na kutenda iliwahi kupimwa kwa damu nyuma ya pwani ya Kilwa. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alianza kugawa maji ya dawa. Habari zake zilisambaa kwa njwiywila, neno la Wamatumbi kwa habari ipitishwayo kwa siri. (Neno tamu; sijui kwa nini washairi wetu wameliacha.) Watu walipewa dawa, wakajiandaa, lakini wakaambiwa wangoje: asipigane mtu mpaka amri itoke. Hakika walikuwa nayo tayari. Kilichobaki ni amri.

Amri ikachelewa. Wamatumbi, waliochoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, hawakungoja zaidi. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, waling'oa mashina ya pamba. Hawakuhitaji kung'oa shamba zima, maana pamba ile ilikuwa ya Serikali ya Wajerumani, na shina likishang'oka halirudi ardhini. Kila aliyeona alielewa kwamba vita vimetangazwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, na vita ambavyo hakuviamuru vikaenea kusini hadi Lindi na Songea.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, aliyarudia hayo katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, akamwonyesha mtu anayelitilia shaka neno alilokwisha kulitoa.

Zipo programu leo zinazomtaka mtumiaji aandike kwa mkono wake jina la kitu anachokusudia kukifuta. Hizo zinaelewa. Nanyi mnaotafsiri programu, badala ya “Una uhakika?” jaribuni: “Faili 12 zitafutwa, hazitarudi. Tuendelee?”