Kabla ya simu zetu: kukata na kuunga picha, kuanzia Vugiri 1935 mpaka Masukulu

Mvua ipo, ndizi zipo, fildi ya ualimu inaendelea. Wengi mmeniuliza kulikoni siku hizi naongelea kamera kuliko maandalio ya masomo. Ni kwamba kikundi chetu kina kazi ya teknolojia ya elimu: kushuti na kuediti sini fupi za kufundishia, dakika tatu tatu, kwa simu. Nami kwa kuwa ni mtu wa historia, nikaanza kuuliza ni nani hapa kwetu alijifunza kazi hii kabla yetu. Kumbe habari ni ndefu, na ina jambo ambalo linatuhusu sisi tunaotaka kuwa walimu.

Tuanzie Vugiri, kule Usambara, juu ya Korogwe. Mwaka 1935 palianzishwa jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, sehemu kubwa ya pesa ikatoka Carnegie Corporation ya New York. Upande wa ufundi alikuwepo Meja L. A. Notcutt, na upande wa elimu G. C. Latham. Mpaka lilipofungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 hivi, fupi fupi, za kufundisha: minyoo ya safura, mafunzo ya mifugo, wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro, kuweka akiba posta. Ile ya posta ilikuwa na hadithi kabisa: mmoja anafukia mshahara wake ardhini unaibwa, mwenzake anapeleka posta unabaki salama. Yaani ni andalio la somo lenye waigizaji!

Sasa sikilizeni hili. Kati ya malengo ya jaribio lile lilikuwepo la kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi za studio. Nadhani hao ndio wakubwa zetu katika fani hii, hata kama majina yao hayatajwi madarasani. Lakini angalieni walifundishwa nini: kazi za chumba cha giza, kuosha filamu, shughuli za kila siku za studio. Kuamua hadithi iwe ipi na nini kikatwe kulibaki kwa wakubwa. Kijana alishika ukanda wa filamu kwa mikono yake mwenyewe, ila hakuwa mwenye neno la mwisho juu ya kilichomo.

Sauti nayo ina somo lake. Picha zao zilikuwa kwenye filamu ya milimita 16, na sauti ikarekodiwa mbali kwenye santuri, halafu wakati wa kuonyesha vyote viwili vinachezwa pamoja. Faida yake ni kwamba filamu moja ungeweza kuitengenezea santuri ya Kiswahili, nyingine ya lugha nyingine, na wao walizunguka Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda. Ubaya wake kila anayeediti anaujua: ukanda ukikatika njiani ukaungwa, zile fremu zilizopotea zinafanya picha itangulie na sauti ibaki nyuma. Sisi leo tunarekodi sauti kwa simu ya pili iliyo karibu na msemaji, na mwanzoni mwa kila shuti mtu anapiga kofi mbele ya kamera. Kwenye kuediti tunatafuta ile fremu ambayo viganja vinakutana, tunailinganisha na mlio wa kofi, kazi kwisha. Tatizo ni lilelile.

Ila santuri ina upande wake mwingine, na huu ndio ulionikalisha macho usiku. Mtu kwenye picha analima, anacheka, anabeba mtoto, lakini anayesema ni mwingine kabisa, asiyeonekana. Sauti inakwambia huyu ni mkulima hodari, yule ni mjinga aliyefukia pesa. Mwenye sura hana neno lake. Naomba mlishike hilo, tutalihitaji mbele.

Serikali za makoloni hazikukubali kulibeba jaribio lile, likafa. Mwaka 1939 Waingereza wakaanzisha Colonial Film Unit, wakamkabidhi William Sellers, mtu aliyekuwa akipiga filamu za afya huko Nigeria. Huyu bwana alikuwa na kanuni zake za kumshutia Mwafrika: picha ziende taratibu, shuti ziwe ndefu, usiruke ruke kutoka mahali hadi mahali, usitumie ujanja wa kamera, maana mtazamaji atachanganyikiwa. Jamani! Nikisoma hivyo nakumbuka vibanda umiza vya utotoni, tumebanana kwenye benchi tunaangalia filamu ya Kichina iliyokatwa kila nusu sekunde, na juu yake sauti ya Lufufu ikitafsiri kwa mbwembwe, na hakuna hata mtoto wa darasa la pili aliyepotea. Kweli mtu anayeona sinema mara ya kwanza, awe wa Rungwe au wa London, anahitaji muda wa kuzoea. Kosa la kanuni zile lilikuwa kugeuza ugeni wa siku ya kwanza kuwa tabia ya rangi.

Hata hivyo ni kitengo hichohicho kilichofungua mafunzo ya filamu pale Accra mwaka 1948, na wanafunzi wake walitoka Gold Coast na Nigeria. Hapo Mwafrika alianza kufundishwa kamera na uhariri kama fani yenyewe, si kama kibarua cha kuosha kanda.

Na huku kwetu Rungwe je? Miaka ileile ya Vugiri, yaani 1934 hadi 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walikuwa huku wakiwachunguza Wanyakyusa kwa daftari. Leonard Mwaisumo, mtu wa huku, alikuwa karani na mkalimani wao. Chombo ni kingine, kalamu badala ya kamera, lakini mpangilio unafanana: maneno ya wazee wetu yalipita mikononi mwa kijana wa huku, halafu uamuzi wa lipi liingie kitabuni ukawa wa wengine. Siwalaumu, vitabu vyao tunavisoma mpaka leo na vina faida. Naonyesha tu nani alikuwa na mkasi.

Miaka ya 1950 mwanzoni mambo yakasogea. Serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili zenye waigizaji wa hapa. Nyota wake mnamjua, ingawa si kwa kazi hiyo: Rashidi Kawawa! Ndiyo, huyohuyo Simba wa Vita. Alikuwa mtumishi wa ustawi wa jamii, akaigiza katika Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na wengi wa rika letu tunamjua kwa siasa tu. Angalau sasa mtu wa hapa alikuwa anasema kwa mdomo wake, mbele ya kamera, kwa lugha yake. Santuri ya mtu mwingine haikuhitajika tena. Kampuni, mitambo na pesa, hivyo bado vilikuwa vya wengine.

Baada ya Uhuru serikali ikaunda Tanzania Film Company mwaka 1968, na mwaka 1974 ikaja Taasisi ya vifaa vya kuona na kusikia, ile AVI, kwa msaada wa Wadenmark. Mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Kazi nzuri zilikuwepo ila zilikuwa chache, na sababu yake inahesabika. Rola ya futi 100 ya filamu ya milimita 16, ukishuti fremu 24 kwa sekunde, inakupa muda usiofika dakika tatu. Dakika tatu! Haifutiki, haitumiki mara ya pili, lazima ipite maabara. Piga hesabu mwanafunzi wa ualimu kutoka Masukulu angejifunzia wapi kwa bei hiyo, hata bumu lote likiishia humo. Runinga nayo Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970.

Mlango ulifunguliwa na video. Mwaka 2003 ikaja Girlfriend ya George Tyson, na mwaka huohuo Josiah Kibira akiwa Minnesota, Marekani, akatoa Bongoland. Baada ya hapo ndipo mafuriko ya Bongo Movie, enzi za Kanumba na Ray, ambazo hatuhitaji kusimuliana. Watu walizicheka kwa sauti mbovu na sini ndefu za kupaki gari. Mimi naziheshimu, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wengi waliujifunza uhariri kwa kuufanya, bila kuomba ruhusa Accra wala London.

Sasa turudi kwenye simu zetu. Wanafunzi wa kidato cha pili hapa wameshika haraka ile mbaya. Tumewafundisha vitu vichache tu: shuti sini yote kwa mbali kwanza, kisha irudie kwa karibu, acha sekunde kadhaa kabla na baada ya tendo ili upate pa kukatia, jembe likiwa mkono wa kulia kwenye shuti ya kwanza, liwe mkono wa kulia kwenye ya pili, na kamera isivuke upande wa pili wa watu wawili wanaoongea, la sivyo wataonekana wamepeana visogo. Mvua ya Tukuyu ikigonga bati hakuna sauti inayopona, hivyo maongezi tunarekodi asubuhi na picha za kimya tunamalizia mchana.

Wiki iliyopita tulikwenda kwa bibi mmoja jirani na shule kumshuti akimenya ndizi za mbalaga. Sini yenyewe ilihusu binti aliyeacha shule. Tulimwamkia, tukamweleza, akakubali, ila akauliza, "Mwanangu, hiyo picha inakwenda wapi, na mimi nitakuwa nasema nini humo?" Tukamjibu hatasema kitu, atamenya tu. Akacheka, akaendelea na kazi.

Kwenye kuediti ndipo palipowaka moto. Mwenzetu mmoja, mkali kweli wa mkasi, akachukua sura ya bibi akiwa kimya, akaipachika mara tu baada ya binti kusema, "Nyumbani walinizuia." Wadau, ilifanya kazi kupita kiasi! Bibi aliyekuwa anamenya ndizi akageuka mzuiaji, mwenye hatia usoni. Mrusi Lev Kuleshov alilionyesha hili miaka mia hivi iliyopita: sura ileile ya mwigizaji ukiifuatanisha na sahani ya supu inaonekana ina njaa, ukiifuatanisha na jeneza inaonekana ina huzuni. Sura haikubadilika. Kilichobadilika ni jirani yake.

Tulibishana mpaka chaji ikakaribia kuisha. Upande mmoja ulisema ni maigizo, mtazamaji anajua, na maksi zitapanda. Upande wa pili, nami nikiwemo, tukasema bibi anaishi hapa, filamu itaonyeshwa hapahapa shuleni, na Jumapili atakutana kanisani na watu walioiona. Hakuigiza kuzuia mtu. Tungemfanya aseme kitu ambacho hakukisema, tena bila hata kufungua mdomo. Ni santuri ya Vugiri ileile, safari hii ikiwa mikononi mwa watoto wa hukuhuku. Aliyeamua mwishoni ni mwanafunzi wa kidato cha pili aliyesema kwa upole, "Mwalimu, tumrudie bibi tumwombe aseme mwenyewe." Kesho yake tukarudi. Bibi akasema mbele ya kamera kwamba yeye mwenyewe hakusoma na analijutia hilo. Sekunde 19. Ndiyo sehemu bora ya filamu nzima, na hakuna ujanja wa mkasi ambao ungetuletea.

Kwa hiyo naona historia hii inatuachia kazi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya mkasi: tangu 1935 kamera imesogea hatua kwa hatua kutoka mikono ya mbali hadi mfukoni mwetu, ila umbali kati ya anayekata na anayekatwa unaweza kubaki uleule tusipoangalia. Kumwonyesha mtu kazi kabla ya kuionyesha kwa wengine ni tabia ndogo, inatosha kuanzia.

Ya pili ni kutunza. Kati ya zile filamu 35 za Vugiri, zinazojulikana kuwepo hadi leo ni tatu tu, na zipo Uingereza. Nyingine zote zimekwenda na sura za watu waliokuwemo. Simu zetu nazo zikijaa, cha kwanza kufutwa ni video. Sisi tumeamua kila sini ibaki nakala tatu: moja kwenye kompyuta ya shule, moja kwenye flashi ya mwalimu wa zamu, moja chuoni, kila moja na karatasi ya majina ya walioonekana, walioshuti na waliokata. Vikundi vingine vilivyoko fildi, nanyi anzeni hivyo, tubadilishane tukirudi.

Ni hayo tu kwa leo, wadau. Kesho nina vipindi viwili vya asubuhi na azimio la kazi halijajazwa.