Umri wa Miaka 13 Ulitoka Wapi?

Miaka minne iliyopita aliletwa chuoni kwetu mtoto wa miaka kumi, mwepesi wa kuhifadhi na mwenye adabu. Siku moja niliwasikia wenziwe wakimwita "mzee". Nilipouliza sababu, wakanambia kuwa katika mtandao mmoja wa picha amejiandikisha kwa mwaka wa kuzaliwa uliotangulia mwaka wake kwa miaka minne. Nikamwuliza, "Nani aliyekufundisha kuandika hivyo?" Akajibu bila ya kusita, "Baba. Kasema bila ya hivyo haifunguki."

Ndugu msomaji, sikuyaleta maneno haya ili kumfedhehesha baba huyo. Wengi wetu tumefanya kama alivyofanya yeye. Lakini ni wachache waliojiuliza: huo umri wa miaka 13 unaoulizwa mlangoni pa mitandao hii, nani aliuweka, na kwa ajili gani? Wengi hudhani kuwa ulipimwa na matabibu au walimu waliochunguza akili za watoto. Sivyo. Ulitoka katika sheria ya Marekani iliyohusu biashara, nayo ilipitishwa kabla ya mitandao hii kuzaliwa.

Katika miaka ya 1990 intaneti ilipoanza kuingia majumbani huko Marekani, wafanya biashara waliona kuwa mtoto ni chimbuko jepesi la habari. Walifungua kurasa za michezo na zawadi, na mtoto akitaka kucheza huulizwa jina lake, anwani yake, na pengine hata hali ya nyumba yao. Mwaka 1998 Tume ya Biashara ya serikali ya nchi hiyo ilichunguza kurasa 212 za watoto, ikaona kuwa 89 katika kila mia zilikuwa zikikusanya habari za mtoto mwenyewe. Basi mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kulinda siri za watoto katika intaneti, ikaanza kutumika Aprili 2000. Ilisema kwamba habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 zisikusanywe ila kwa idhini ya mzazi wake.

Na hata hiyo 13 ilikuwa ni mapatano. Edward Markey, mmoja wa wabunge walioisimamia sheria hiyo, ameeleza baadaye kuwa alitaka kinga ifike miaka 16, akakubali 13 kwa kuwa ndiyo aliyoweza kuipata. Tazama basi: kijana Mark Zuckerberg, atakayeanzisha Facebook, alikuwa na miaka 14 sheria ilipopita. Umri wake ulikuwa umekwisha kumvusha nje ya kinga yake!

Facebook yenyewe ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, watu wazima wenye kujuana. Mwaka 2005 ikawafungulia wanafunzi wa sekondari, na Septemba 2006 ikamfungulia kila mtu aliyetimiza miaka 13. Alama ya kupenda, ile ya kidole gumba, ikaja mwaka 2009. Na wengine wakapita njia hiyo hiyo: Instagram mwaka 2010, na TikTok baada yake. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya vijana wa chuo kikuu, wapimane nani apendwaye zaidi, kikakabidhiwa mtoto wa darasa la saba.

Ama mzazi, ambaye sheria ilimkusudia awe bawabu, alitolewa mlangoni. Kutafuta idhini ya kila mzazi ni kazi na ni gharama, kwa hiyo makampuni yaliona ni rahisi zaidi kuandika, "Walio chini ya miaka 13 hawaruhusiwi," kisha kumwamini yeyote atajaye mwaka wowote. Mzazi aliyetaka mwanawe aonane na shangazi yake aliye ng'ambo hakupewa pa kutia idhini yake. Palikuwa na pa kutia uongo tu. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani waliwauliza wazazi wapatao elfu moja. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na watoto wa miaka 12 walisema kuwa mtoto ana akaunti ya Facebook, na kati ya hao, 76 katika kila mia walimsaidia wenyewe kuifungua. Wengi wao walikuwa watu wema tu, kama baba wa mwanafunzi wangu.

Mimi niliyesomesha fiqhi miaka mingi nimestaajabishwa na jambo moja. Wanazuoni wetu wamepambanua baina ya kubaleghe na rushdi. Kijana aweza kuwa amebaleghe na bado asikabidhiwe mali yake ya urithi, mpaka walii wake amjaribu na aone kwamba anajua kuitunza. Mitandao haimjaribu mtu. Inamwuliza mwaka tu.

Nchi nyingine zimeanza kuirejea hesabu hiyo. Sheria ya Ulaya iliyoanza Mei 2018 iliweka miaka 16, ikaziachia nchi ruhusa ya kushusha hadi 13. WhatsApp ikapandisha umri wake huko Ulaya hadi 16, kisha Aprili 2024 ikaurudisha 13. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2019, imetaka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa yatakiwa izuie akaunti za walio chini ya miaka 16, na idhini ya mzazi haifungui mlango. Faini yaweza kufika dola milioni 49.5 za nchi hiyo, nayo ni juu ya kampuni. Mzazi na mtoto hawatozwi kitu. Watoto werevu watatafuta upenyo, hilo halina shaka. Lakini mzigo umehamishwa.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii ni kuwa mwaka ule wa uongo haukai pale ulipoandikwa. Hukua pamoja na mtoto. Mitandao mingi humpa aliye chini ya miaka 18 kinga fulani: wageni wasimwandikie ovyo, matangazo ya watu wazima yasimfikie. Akitimiza miaka hiyo kwa hesabu ya mtandao, kinga huondoka.

Juzi nilimwita baba wa yule mwanafunzi nikamfanyia hesabu hii kidole kwa kidole. Mwanawe sasa ana miaka 14. Kwa mtandao, ametimiza 18. Baba akanyamaza, akaitoa simu yake mfukoni, akaniuliza kama mwaka wa kuzaliwa waweza kusahihishwa. Tukamwita kijana atuonyeshe, kwani sisi wawili hatukujua pa kubonyeza.