Fahamu Jinsi Akiba na Mikopo ya Benki Inavyoathiri Ujazi wa Fedha

Kila baada ya miezi mitatu, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania hukutana na kutangaza Riba ya Benki Kuu. Katika tangazo hilo hutajwa ujazi wa fedha, ukwasi katika benki, na ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi. Kwa mkulima anayesubiri mkopo wa pembejeo, au mfanyabiashara anayepanga bei za bidhaa dukani, maneno hayo yana uzito mkubwa, kwa kuwa yanahusu gharama ya mkopo wake na thamani ya shilingi iliyo mfukoni mwake.

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya akiba za benki, mikopo na ujazi wa fedha, na sababu zilizoifanya Benki Kuu kubadili namna ya kuusimamia uhusiano huo kuanzia Januari 2024.

Ujazi wa fedha ni nini

Ujazi wa fedha ni jumla ya fedha zilizo mikononi mwa wananchi, kampuni na taasisi zisizo benki. Kwa tafsiri finyu, unajumuisha noti na sarafu zilizo nje ya benki pamoja na amana ambazo mwenye nazo anaweza kuzichukua wakati wowote. Kwa tafsiri pana, huongezwa amana za akiba na amana za muda maalumu. Tafsiri pana zaidi hujumuisha pia amana za fedha za kigeni zilizowekwa katika benki za nchini.

Sehemu kubwa ya fedha hizo si noti wala sarafu, bali ni amana, yaani tarakimu zilizoandikwa katika vitabu vya benki.

Akiba za benki ni kitu kingine. Hizi ni fedha ambazo benki za biashara zimeziweka katika akaunti zao Benki Kuu. Benki huzitumia kulipana zenyewe kwa zenyewe na kutimiza matakwa ya kisheria. Mwananchi hawezi kuzitumia dukani, na kwa sababu hiyo hazihesabiwi katika ujazi wa fedha. Hata hivyo, upatikanaji wake na bei yake huamua kwa kiasi kikubwa jinsi benki zinavyokopesha.

Mkopo huzaa amana

Wengi hudhani kuwa benki hupokea fedha za mweka amana mmoja na kumkabidhi mkopaji, kama mtu anayetoa kitu ghalani. Utaratibu halisi ni tofauti.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, aliyeidhinishiwa mkopo wa shilingi milioni 10. Benki haipunguzi akaunti ya mteja mwingine yeyote. Inaandika mambo mawili kwa wakati mmoja: deni la shilingi milioni 10 ambalo mfanyabiashara anadaiwa, na amana ya shilingi milioni 10 katika akaunti yake. Waweka amana wengine wote bado wana fedha zao kamili. Hivyo, mkopo ulipotolewa, ujazi wa fedha uliongezeka kwa shilingi milioni 10.

Mfanyabiashara huyo anapowalipa wakulima wenye akaunti katika benki nyingine, amana huhamia huko. Benki iliyotoa mkopo hulazimika kuilipa benki hiyo kwa kutumia akiba zake zilizopo Benki Kuu. Hapa ndipo akiba inapoonesha umuhimu wake: benki inayokopesha bila kujiandaa huishiwa na fedha za kulipia benki wenzake, na hulazimika kukopa.

Mkopo unaporejeshwa, hatua hizo hugeuka. Kila shilingi ya deni la msingi inayolipwa hufuta amana na deni kwa pamoja, na ujazi wa fedha hupungua. Kwa hiyo ujazi wa fedha hukua pale mikopo mipya inapozidi ile inayorejeshwa.

Ieleweke pia kuwa kuhamisha fedha kutoka akaunti ya benki kwenda kwenye simu hakuongezi ujazi wa fedha. Watoa huduma za fedha kwa simu hutakiwa kuhifadhi katika akaunti maalumu benki kiasi kinacholingana na salio la wateja wao.

Akiba ya lazima

Sheria huipa Benki Kuu mamlaka ya kuzitaka benki ziweke kwake sehemu ya amana za wateja, yaani akiba ya lazima. Mwaka 2017, kiwango hicho kwa amana za sekta binafsi kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 8. Baadaye kilishuka hadi asilimia 7, na Juni 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, kikafikia asilimia 6 ili kuziongezea benki ukwasi.

Vitabu vya uchumi hueleza nguvu ya akiba ya lazima kwa hesabu rahisi. Mtu akiweka benki noti za shilingi milioni 1 na kiwango kikawa asilimia 6, benki hubakiza shilingi 60,000 na inaweza kukopesha 940,000. Fedha hizo zikiwekwa katika benki ya pili, nayo hubakiza 56,400 na kukopesha 883,600. Mzunguko huo ukiendelea hadi mwisho, amana zote zinaweza kufikia takribani shilingi milioni 16.7. Kiwango kikiwa asilimia 10, ukomo ni shilingi milioni 10.

Akiba ya lazima imetumika pia kuelekeza mikopo mahali inapohitajika. Mwaka 2021, Benki Kuu ilitangaza nafuu ya akiba hiyo kwa benki zinazoikopesha sekta ya kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka.

Kwa nini hesabu hiyo haitoshi

Hesabu hiyo huonesha ukomo wa juu tu, na katika hali halisi ukomo huo haufikiwi. Wananchi hubaki na sehemu ya fedha zao mkononi, na kila noti inayotoka benki hupunguza akiba. Benki nazo huweka akiba zaidi ya ile ya lazima ili kujihadhari, au hununua dhamana za Serikali badala ya kukopesha.

Aidha, akiba si kizuizi pekee. Benki nchini hutakiwa kuwa na mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10 ya mali zake zilizopimwa kwa kiwango cha hatari. Benki ambayo mtaji wake umeliwa na mikopo chechefu haiwezi kukopesha hata ikiwa na akiba tele. Vilevile, mkopo huhitaji mkopaji mwenye biashara inayoweza kulipa. Akiba zikiongezwa katika uchumi usio na wakopaji wa kuaminika, zitabaki Benki Kuu.

Uzoefu wa nchi nyingine unathibitisha jambo hilo. Uingereza haina akiba ya lazima ya aina hii, na Marekani iliishusha hadi asilimia sifuri Machi 2020. Iwapo hesabu ya vitabuni ingekuwa ndiyo sheria pekee, fedha katika nchi hizo zingeongezeka bila kikomo. Hilo halikutokea, kwa kuwa mtaji, hatari ya mkopo na riba huendelea kuzidhibiti benki. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilichapisha maelezo rasmi kuwa benki za biashara hutengeneza amana mpya zinapokopesha, na kwamba nyenzo yake kuu ya udhibiti ni riba.

Kutoka kiasi hadi bei

Kwa miaka mingi Benki Kuu ya Tanzania iliongoza sera ya fedha kwa kulenga kiasi cha fedha. Januari 2024 ilianza kutumia mfumo wa riba, na Riba ya Benki Kuu ya kwanza ikawa asilimia 5.5. Aprili 2024 ilipandishwa hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi asilimia 5.75.

Katika mfumo huo, Benki Kuu huhakikisha kuwa riba ambayo benki hutozana kwa mikopo ya siku 7 haiachani na Riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 2, juu au chini. Akiba zikizidi, riba hiyo huelekea kushuka, na Benki Kuu huziondoa kwa kuuza dhamana. Akiba zikipungua, huziongeza kwa kuzikopesha benki kwa muda mfupi.

Kazi hiyo ni ya kila siku, kwa sababu akiba hubadilika kila siku. Walipakodi wanapolipa kodi, fedha huhama kutoka benki zao kwenda kwenye akaunti ya Serikali Benki Kuu, na akiba hupungua. Serikali inapowalipa wakandarasi na watumishi, akiba hurejea. Benki Kuu inaponunua fedha za kigeni au dhahabu kwa shilingi, huongeza akiba katika benki.

Funzo la miaka ya 1980

Udhibiti wa ukuaji wa mikopo una historia yake nchini. Baada ya benki kutaifishwa mwaka 1967, Benki ya Taifa ya Biashara ilishika sehemu kubwa ya shughuli za benki. Mashirika ya umma na mamlaka za mazao yalikopeshwa kwa wingi, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo haikurejeshwa. Amana zilizozaliwa na mikopo hiyo ziliendelea kuzunguka, ilhali bidhaa zilikuwa adimu madukani. Pamoja na sababu nyingine, zikiwemo gharama za vita vya Kagera na bei ya mafuta, hali hiyo ilichangia mfumuko wa bei uliozidi asilimia 30 katikati ya miaka ya 1980. Mishahara na akiba za wananchi vilipoteza thamani.

Tume iliyoongozwa na aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, Charles Nyirabu, ilipendekeza mageuzi, na mwaka 1991 ikatungwa Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha iliyofungua milango kwa benki binafsi.

Funzo ni kwamba mkopo unaozalisha mahindi, nguo au ajira huja na bidhaa za kununuliwa kwa fedha zilizoongezeka. Mkopo usiozalisha wala kurejeshwa huacha fedha peke yake, na gharama yake hulipwa na wananchi wote kupitia bei.

Namna ya kusoma tangazo

Mwananchi anaposikia kuwa Riba ya Benki Kuu imeshushwa, asitarajie riba ya mkopo wake kupungua siku inayofuata. Riba hiyo kwanza hugusa gharama ya akiba baina ya benki, kisha huenda taratibu kwa wakopaji, kutegemea gharama za benki husika na hatari ya mkopaji. Ni vema pia asome tangazo pamoja na takwimu tatu: ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, uwiano wa mikopo chechefu, ambao Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5, na mfumuko wa bei, ambao lengo lake nchini ni kati ya asilimia 3 na 5.

Mikopo ikikua huku mikopo chechefu ikipungua na mfumuko wa bei ukibaki ndani ya lengo, ni dalili kuwa fedha zinazoongezeka zinakutana na uzalishaji. Takwimu hizo zikianza kuachana, mwananchi anayepanga kukopa atakuwa na sababu ya kujiandaa kwa riba kupanda.